Watu Kumi na Sita wa Idil

Jericho, Nairobi
3 Oktoba

Kwa mdogo wangu mpendwa Syombua,

Naomba unisamehe kwa kukaa kimya tangu Juni. Barua zako mbili zilinifikia, nazo ziko mezani mbele yangu ninapoandika. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba shemeji Ndeti anameza dawa zake bila kusukumwa. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipungua. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu hukatika pale hasa mtu anapotaka ikatike, nami sikutaka kujipa nafasi hiyo.

Katika barua zote mbili uliniuliza jambo moja: je, kifua cha Muoki ki salama, au umwite mwanao arudi nyumbani Mwala? Nitakujibu, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unajua kwamba tangu nilipostaafu kazi ya masijala nimekuwa katibu wa chama cha wachongaji huko mtaa wa Baba Dogo, katika banda la Bwana Wanyonyi. Wachongaji wetu ni thelathini na wanne, Muoki akiwa mmoja wao, na vumbi la mbao huwa hewani kutwa nzima. Mwezi wa Mei alifika msichana aitwaye Idil, binti wa Keynan, mwenye duka la jumla kule mtaa wa Fedha. Anasomea shahada ya pili. Alikuwa ameazima mashine ya kufyonza vumbi, naye alitaka kujua kama itawasaidia watu kupumua. Wanyonyi alitia saini mbele ya chama kwamba utafiti ukionyesha faida, atanunua mashine na kuifunga bandani; usipoionyesha, mashine irudi ilikotoka na asisumbuliwe tena.

Mpango wa kwanza ulikuwa kupima pumzi za watu themanini, wetu na wa mabanda ya jirani, kila mmoja kabla ya mashine na tena baada ya mwezi mmoja. Kabla ya hapo alitaka jaribio dogo la watu kumi, wapimwe kila juma kwa majuma manane. Mtu hupuliza kibomba cha plastiki kwa nguvu zake zote, mshale unapanda, namba inaandikwa. Kitabu nilikabidhiwa mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Muoki alikuwa mmoja wa wale kumi.

Basi, mwezi wa Agosti Idil alirudi akatutangazia kwamba watu themanini hawahitajiki tena. Kumi na sita watatosha.

Syombua, sikulala. Nilifanya kazi serikalini miaka thelathini na miwili, na sijaona mtu akipunguza kazi yake kwa nia njema. Nikaanza kumchunguza. Mara mbili nilimwona akitoka ofisini kwa Wanyonyi, naye Wanyonyi akimsindikiza hadi langoni huku akicheka, yeye ambaye hajapata kumsindikiza mtu. Mara ya pili alitoka na mfuko ambao hakuingia nao. Niliandika tarehe na saa. Nilijua kwamba katika watu wachache faida hupotea isionekane, na faida isipoonekana anayenufaika ni Wanyonyi peke yake. Nikahitimisha kwamba msichana amenunuliwa.

Nilimwambia Muoki. Alinicheka mbele ya wenzake, akasema kwa lugha yao hiyo isiyo na kichwa wala miguu, "Anko, we hushuku hata kivuli yako? Huyo msee ni poa," yaani msichana ni mtu mwema. Nilimwonya asiniite Anko mbele za watu. Akajibu, "Sawa, Anko."

Jumamosi iliyopita nilimkabili Idil. Nilimwambia wazi kwamba ninamshuku, na kwamba sitatia sahihi ya chama mpaka anionyeshe hesabu iliyowameza watu sitini na wanne. Nilidhani atakasirika. Alivuta benchi, akaomba karatasi, akasema, "Mzee, hakuna aliyewahi kuniuliza. Keti."

Wewe uliyefundisha hesabu utaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Alisema kila utafiti una uwezo wake, yaani nafasi ya kuiona faida ikiwa faida ipo kweli. Yeye anataka uwezo wa themanini katika mia. Mtu mmoja anapopimwa zaidi ya mara moja, hulinganishwa na nafsi yake, si na jirani yake. Kwa hiyo kila kitu kinategemea jinsi vipimo vyake mwenyewe vinavyoshikamana. Vikipandapanda na kushukashuka, wanahitajika watu wengi. Vikishikamana sana, wachache wanatosha. Mwanzoni alikisia mshikamano wa nusu, ikatoka idadi ya watu themanini. Jaribio letu lilitoa tisa katika kumi, ikatoka kumi na sita. Nilimwuliza ingekuwaje ikiwa ile nusu ndiyo kweli na watu ni kumi na sita. Alipiga hesabu, akasema uwezo usingefika hata robo. Mashine ingeweza kuwasaidia watu na utafiti usione chochote.

Kuhusu Wanyonyi, walikuwa wakizungumzia nyaya za umeme, na mfukoni mlikuwa na vichujio vya mashine. Alinifungulia nikavihesabu.

Kisha akafungua kitabu changu, akasema, "Kitabu chako ndicho kilichopunguza watu, Mzee Muthama. Mwalimu wangu hajaona vipimo vilivyotulia namna hii."

Hapa ndipo nilipo na neno la kukuambia, na ndilo lililoninyima usingizi.

Vile vipimo havikutulia. Nilivituliza mimi. Juma la kwanza Muoki alipuliza mia tatu na tisini. La pili, mia tatu na kumi. Kule masijala nilifundishwa kwamba namba inayoipinga iliyotangulia ni kosa la karani, na hurekebishwa kabla ya kupelekwa juu. Nilidhani kijana anafanya mzaha. Nilimpulizisha tena na tena, na alipochoka nikaandika mia tatu themanini na tano. Alichungulia akasema, "Anko, hiyo si yangu. Unapima pumzi ama unapima tabia?" Nilimfukuza mezani. Wengine niliwafanyia vivyo hivyo, majuma yote saba yaliyobaki, nami nikajivunia usafi wa kitabu.

Tena, katika barua yangu ya Juni nilikuandikia kwamba pumzi ya Muoki iko mia tatu na tisini na haitikisiki, nawe ukamwacha hapa kwa neno hilo. Haikuwa kweli. Kuna siku ilishuka hata chini ya mia tatu. Kiasi gani hasa sijui, kwa kuwa sikuandika.

Jana nilimweleza Idil yote. Hakupaza sauti. Alipiga mstari katika kila ukurasa, kisha akaniambia kwamba namba zilikuwa nzuri mno na alipaswa kuzitilia shaka, ila aliona haya kumshuku mzee.

Anasema mabanda ya jirani yamekwisha kujitoa, lakini wetu thelathini na wanne wanaweza kutosha iwapo kila mmoja atapimwa mara tatu kabla ya mashine na mara tatu baada yake, namba zitafutiwe wastani, kwa vipimo vya kweli. Lakini ni lazima kamati ya chuo ikubali aanze upya, na wenye mashine wakubali kumwongezea muda. Wakikataa, Wanyonyi atairudisha mashine bila hata kupimwa mtu. Kamati inakaa tarehe kumi na mbili. Kitabu hakitakuwa mikononi mwangu tena, nami sikuuliza atapewa nani.

Kuhusu mwanao, sina haki ya kukushauri mara ya pili. Nimemwambia Muoki nilichokifanya, naye atakupigia simu mwenyewe. Ukimwita, nitampandisha gari mimi.

Nisalimie shemeji Ndeti, Kavinya na wanawe, na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awalinde.

Nitakuandikia siku ileile kamati itakapotoa uamuzi, nami nitauandika kama ulivyotoka.

Ni mimi kaka yako,
Muthama