Tonge la Mlango

Mtoni, Temeke
Juni 1973

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nikwambie alichofanya somo wako Anjelina sasa hivi. Alikuwa anafukuza kuku na watoto wa jirani yetu Mwinshehe, mara namwona amekaa chini katikati ya uchochoro, anahema, jasho linamtiririka. Wenzake wakamwimbia, Bibi Afya, Bibi Afya, inuka ukatukagulie vyoo! Naye akacheka nao, Mama, ila hakuinuka. Na miaka yenyewe mitano tu.

Je, wewe hujambo? Magoti yamepoa? Na kile kisukari, dawa unapata hapo kijijini? Sie tunavuta siku. Mkweo Marselino yuko kiwandani, mie nimechoka tu bila kazi ya kunichosha. Hata kupanda barazani nashika ukuta.

Majuzi nilimpeleka mtoto zahanati kwa kikohozi. Sista mmoja Mhaya, anaitwa Kokushubila, akampima uzito, kisha akataka na mie nipande. Mshale ukakimbia, Mama. Akauliza mama yangu yukoje, na bibi yangu alikuwaje. Nikajibu kwa maringo kwamba kwetu wanawake wote tuna afya. Akaniangalia, akasema, Mama Anjelina, nakuuliza unene, wewe unanijibu afya.

Nikamkumbuka Bibi Mauwa siku aliyopelekwa hospitali na kitanda chake, wakang'oa fremu ya mlango ndipo akapita. Hakurudi.

Sista akataka kujua tunavyokula. Nikamweleza habari ya tonge la mlango, kwamba kwetu mtoto akisema ameshiba, hapo ndipo anapewa jingine moja, kubwa, la kuifungia njaa mlango. Nilidhani atacheka. Nikamwambia mama yangu hakulizua kwa ulafi. Utotoni mwake njaa iliingia, wakachimba ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka ikaisha, akamzika mdogo wake. Sista hakucheka, akasema unene mwingine tunarithi kwa damu, mwingine kwa mkono, na mkono unaweza kuuzuia.

Mama, sikulaumu. Mkono huo ndio ulionikuza, na hakuna aliyenipenda kuushinda. Ndiyo maana kalamu inanilemea. Ulisema baada ya mavuno Marselino akuletee somo wako umlee, kama Bibi alivyokusaidia kunilea mie, nami nikaitikia. Mama, simleti. Nimeshamwambia Marselino asikate tikiti. Najua utalia, na majirani watasema Adelina kaingia mjini kamnyima mama yake mjukuu. Waache waseme.

Toka siku ile simpi tonge la mlango. Analia, nami najificha jikoni nalia vilevile. Lakini jana tulipokwenda bombani alinitangulia, hakukaa chini hata mara moja, akanigeukia akaniambia, mama, mbona wewe unachelewa! Nilifurahi, nikasahau ndoo.

Basi njoo wewe kwetu. Sista amesema atakupima, na sie wote watatu tutakuwa tunakwenda bombani polepole. Nisalimie Mjomba Albano, na mdogo wangu Anastasia mwambie sijamsahau. Ila ukija, nakupigia magoti, huyu mtoto akisema ameshiba, usimwongeze, mwache aondoke.

Haya, ananiita. Kasimama mlangoni na sahani yake, anasema, mama, nimeshiba, sasa nipe la mlango.