Idi Ilifungwa Kwenye Kompyuta, Ikabaki Wazi Kwenye Simu

Mpendwa mshauri Bi Mwanakheir, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha na hofu kwa pamoja na sijui niitoe ipi kwanza.

Mimi na mume wangu Hamed tuna ofisi ndogo hapa Mji Mkongwe ya kupeleka wageni Kidichi kwenye mashamba ya viungo, na kwa kuwa sote tumesomea kompyuta tuligawana kazi, mimi nikaandika tovuti ya kompyuta, yeye akaandika ya simu za mkononi, tena kwa mapenzi, kila kitu kinakaa sawa kwenye kile kioo kidogo, basi tukawa tunajisifu mpaka mwezi wa Idi ulipoandama siku tusiyoitarajia, mimi nikaifunga siku ya Idi kwenye tovuti yangu, yake haikufungwa, mimi nikidhani kafunga yake, yeye akidhani nimefunga zote mbili, asubuhi Mmanga, anayetembeza wageni wetu, akanipigia: "Bi Basma, wageni washafika huku! Mie nshavaa kanzu, nnakwenda kusali, nani kawaambia waje leo?" Aibu niliyoiona siku ile siisahau.

Lakini Bi, aibu hiyo imenifungua macho! Kwa nini sheria zetu ziandikwe mara mbili? Nimetengeneza programu moja ya kati, wenyewe wanaiita API, haina sura wala rangi, kazi yake kujibu tu: siku gani iko wazi, nafasi ngapi zimebaki, bei gani. Tovuti ya kompyuta inaiuliza, ya simu inaiuliza, kesho kikija kifaa kingine nacho kitauliza hapo hapo, na kila kimoja kinalipamba jibu kwa kioo chake, nimeijaribu na inafanya kazi, nikapiga vigelegele peke yangu ofisini!

Tatizo ni Hamed, hajui. Nimekuwa nikiiandika kila akitoka kwenda Kidichi. Mengi aliyoyaandika yatafutwa, na tangu Idi ile amekuwa mnyonge, ukitaja tovuti ya simu anainamisha kichwa. Wiki ijayo anakwenda Pemba. Nafikiria nibadilishe kimyakimya, akirudi akute mambo yanakwenda. Nifanye hivyo?

Basma, Malindi, Mji Mkongwe

Marahaba, Basma. Mungu anisamehe, nimecheka. Namwona Mmanga na kanzu yake, kazungukwa na wageni wenye kamera.

Kompyuta naijua kiasi, waume nawajua zaidi. Lakini wazo lako nimelielewa na nimelipenda. Nyumba zetu za mjini zina jiko moja. Sinia moja inakwenda barazani kwa wanaume, nyingine juu kwa wanawake, na hakuna anayejenga jiko la pili kwa sababu ya sinia. Chumvi ikipungua, inaongezwa chunguni mara moja na wote wanapata. Hongera, mwanangu, hongera tena!

Sasa nikugombeze. Mliaibika kwa sababu mmoja alijua jambo na mwenziwe hakuambiwa. Umeutibu ugonjwa huo kwenye mashine, halafu unataka kuulea nyumbani? Tena simu huzijui wewe. Bila shaka majibu yako umeyapima kwa kompyuta ya ofisini, marefu na mapicha yake. Mgeni aliye msituni Jozani, mtandao unasuasua, atayapokea vipi? Anayejua hayo ni huyo unayemficha.

Mwonyeshe leo, kabla hajafunga begi. Usianze na "nimemaliza". Muulize, "Simu yako inataka kujua nini, na kwa ufupi gani?" Kubalianeni maswali na majibu kwanza, ndipo mwandike. Sheria zote za siku, nafasi na bei ziende kwenye programu ya kati. Sura ya kioo kidogo ibaki mikononi mwake, maana hiyo haifutwi na hakuna aiwezaye kama yeye. Anzeni kuhamisha jambo moja tu, kufunga siku, mkalijaribu mkiwa pamoja, mengine yafuate. Akinuna, mpeleke Forodhani umnunulie urojo, anune huku anakula.

Wale wageni walifika Kidichi wakakosa mwenyeji. Usimfanye mumeo arudi kutoka Pemba akajikuta mgeni kwenye kazi yake mwenyewe.