Programu ya Kujitoa Imejaa

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana kichwa kinataka kupasuka. Mimi ni mratibu wa watu wanaojitolea katika shirika letu dogo la kusaidia wazee, na zamani mambo yalikwenda shaghalabaghala, anayetaka kufagia anafagia, anayetaka kupiga soga na wazee anapiga, basi nikaona nipange kila kazi katika programu yake, nikapata programu kumi na tisa, kila moja na fomu yake ukutani na mwenyekiti wake, na ile ya maji nikaigawa mbili, kujaza ndoo na kubeba ndoo, sasa anayejaza habebi na anayebeba anasema hajapitishwa kujaza. Ya ishirini ilikuwa ya wageni, nikaiita Programu ya Kujitolea, lakini kidole kikateleza nikachapa "Kujitoa", na kufika Jumamosi watu wote thelathini na wanne walikuwa wamejiandikisha humo, akiwemo mume wangu, tena ndiye katibu. Mshauri, hawakosi hata Jumamosi moja, saa tatu kamili wanaitana majina, wanathibitisha kwamba bado wamejitoa, wanafunga kikao kwa makofi. Nikimwomba mume wangu arudi kazini ananijibu, "Mke wangu, andika barua, kikao kitaijadili." Na huku bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu asiyeweza kuinuka kitandani, wiki ya pili hii hajaogeshwa, nami nampenda kama mama yangu, nikimfikiria nalia. Je, nianzishe programu ya ishirini na moja ya kuwarudisha?

Mratibu Hoi

Mratibu, pole. Hiyo pole ni ya bibi, yako ingoje kidogo.

Watu walikuletea mikono, wewe ukawapa kalamu. Usijidanganye kwamba walisoma vibaya. Walisoma vizuri sana, ndiyo maana wakajiandikisha. Mumeo naye usimnunie, masikini, amepata programu ya kwanza anayoielewa.

Hiyo ya ishirini na moja uikome. Bandua makaratasi yote ukutani, ubakize orodha ya wazee na kile kila mmoja anachohitaji: kuogeshwa, kupikiwa, kusomewa barua. Jumamosi ingia kwenye kikao chao, usihutubie, uliza tu nani anakwenda kwa nani. Anayeinuka amekwisha kujiandikisha.

Lakini leo si Jumamosi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema ulikwenda kumwogesha bibi wewe mwenyewe, sijapaona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Weka gazeti hili chini, bandika maji yapate moto, chukua sabuni na taulo, nenda.