Kaka Amekuombea Kama Marehemu

Nyumba ya wageni chini ya hekalu la Okubo,
Sanuki, Kagawa.
16 Novemba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Mitsue,

Pokea salamu zangu tele. Hujambo? Magoti yako yanaendeleaje, na presha ya shemeji Seikichi imeshuka? Huko Londrina najua joto limeshaanza; huku majani yamekuwa mekundu na asubuhi pua hainikauki. Mimi ni mzima, ila kucha mbili za miguu zimeng'oka. Kwa ajuza wa miaka sabini na moja aliyetembea siku arobaini na tisa, sina la kulalamika.

Nilipokueleza kwenye simu kwamba natembea na kaka Kaneyoshi, ukaanza kuniuliza habari za mvua, nami sikukulaumu. Mkewe alikataa kumfuata, wanawe wakajitia wana kazi, nikabaki mimi. Hebu fikiria: kukizunguka kisiwa kizima cha Shikoku kwa miguu, mahekalu themanini na manane, na mzee wa miaka sabini na saba anayekoroma kama trekta na kuisuta supu ya kila nyumba tunayolala!

Kila jioni aliketi na brashi yake kuandika karatasi za maombi za kesho yake, zile za kutiwa kwenye sanduku la kila hekalu, mkono mmoja umeziba kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Nilidhani anawaombea baba na mama. Nikasema moyoni, anawaomba radhi wafu kwa sababu wafu hawajibu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Kwenda hekalu hili la mwisho iko barabara ya lami inayopita bondeni, na iko njia ya mlimani. Kaka akachagua ya mlimani, eti barabarani hupita wavivu na wanawake. Juu kwenye majabali, pale mtu anapopanda kwa mikono na miguu, shujaa wetu aliteleza akaangukia kifundo cha mkono wa kulia. Alilia, Mitsue. Yule aliyekutupia sanduku lako nje, akasema nyumba ya Nishiuchi haiozi binti kwa seremala wa visiwani Okinawa, alilia kama ndama. Nikamfunga kwa taulo langu, nikamvuta. Huruma sikuwa nayo. Nilitaka kufika tu.

Hekaluni tulikuta mabasi matatu. Mahujaji wa mabasi hao, nguo nyeupe pe, viatu havijui tope, wanapigana vikumbo wapigwe picha langoni. Mama mmoja, marashi yakimnukia, akaniuliza kama nimechoka. Nikampita nikimvuta kaka.

Mbele ya ukumbi mkuu kaka alishindwa kufungua mkoba wake. "Fusae, nitolee karatasi ya leo uitie sandukuni," akasema. "Lakini usiisome."

Mtu akikuambia usisome, utafanyaje? Nikasoma. Baba hamna, mama hamna. Mlikuwa na jina moja tu: Nishiuchi Mitsue, roho yake ipumzike kwa amani.

Masikio yaliniwaka moto. "Kaka, umeandika hivi kwenye mahekalu yote?"

"Yote."

"Mitsue yu hai, wee mzee! Juzi tu tumeongea kwenye simu, akanicheka kucha zangu!"

Akainamisha kichwa. "Siku ile nilipomtoa nyumbani nilitangaza kwamba amekufa. Marehemu najua namna ya kumwombea. Aliye hai nitamwambia nini, naye ana mdomo wa kunijibu?"

Watu wa mabasi wakageuka. Waache wasikie, nikapaza sauti: "Mwoga wewe! Miaka arobaini na saba umejificha nyuma ya kaburi lisilo na mtu! Afadhali hawa waliokuja wamekalia makalio, wao hawajamzika mzima!" Nikaichana karatasi vipande vinne. Nikamwambia ataandika nyingine, ya mtu aliye hai, la sivyo atashuka mlima peke yake na mkono wake huo.

Aliketi kwenye ngazi, akaandika kwa mkono wa kushoto. Mitsue, akaandika. Halafu brashi ikasimama hewani. Akaniuliza: "Ukoo wa mumewe ni upi?"

Miaka yote hiyo hajawahi kuutamka. Nakandakari, nikamwambia. Akaukosea. Nikamrudisha. Akaukosea tena. Mara ya tatu ulikuwa umepinda kama kuku kaparua, lakini ulikuwa wenyewe. Akaenda kuitia sandukuni mwenyewe, akabaki ameshikilia ukingo wa lile sanduku hadi watu nyuma yetu wakaanza kukohoa. Sikumpa pole.

Usidhani nimelainika. Sasa hivi yuko chumba cha pili anagomba kwamba tambi za hapa hazijaiva. Lakini kabla ya chakula alibisha mlango wangu, akauliza barua huchukua siku ngapi kufika Brazili. Nikamwambia akaulize posta. Akaenda zake, kisha akarudi na karatasi hii aliyoikunja, nami nimeitia humu ndani ya bahasha. Sijaifungua, ni yako. Ukitaka isome, usipotaka, washia jiko. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha, nami nimemfikisha.

Nisalimie Seikichi, binti yako Harumi na wajukuu wote, na mwambie yule mdogo soksi alizonitumia zimetembea kisiwa kizima. Mtukufu Daishi, mtakatifu wa njia hii ya mahekalu, awatangulie popote muwekapo mguu.

Ni mimi dada yako, akupendaye tangu nikubebe mgongoni,
Fusae