Mkeka wa Karibu na Mlango

Hombo, 4 Mei

Kaka Honoré,

Salamu nyingi. Mama Brigitte na watoto wanaendeleaje? Kile kikohozi cha mdogo kilipona? Sisi tuko, Mungu anasaidia.

Dada yangu Sakina anasema vijana wa kanisa lenu wanataka afunge kiduka chake cha chumvi aondoke Kingi, eti Waislamu hawawapendi Wakristo. Wewe ni mzee wa kanisa. Simama Jumapili, useme tu mlilala wapi vita ilipowaleta huku. Basi.

Nduguyo, Ramazani

Kingi, 11 Mei

Kaka Ramazani,

Tunakusalimia sote. Kikohozi kiliisha, sasa mtoto anatushinda kula maharagwe.

Kweli jambo hili la kuniomba? Miezi ile yote msikitini kwenu, imamu akatupatia mkeka wa karibu na mlango ili mtoto apate hewa, nitasahau? Jumapili ijayo nahubiri mimi. Nitasoma habari za yule Msamaria, kisha nitautaja msikiti. Mwambie Sakina aje asikie mwenyewe.

Nduguyo, Honoré

Kingi, 2 Juni

Kaka Ramazani,

Natumaini mko wazima. Usinihukumu haraka. Niliwaona vijana wamekaa mbele, mwanangu Benoît kati yao, wamekunja mikono. Nikasema tulipokelewa na watu wa Mungu. Si uongo, kaka. Mambo yakitulia nitasema yote.

Nduguyo, Honoré

Hombo, 15 Juni

Honoré,

Hatujambo. Watoto wako nawaombea afya, wao hawajanikosea.

Watu wa Mungu? Sakina alikaa benchi la nyuma na kitenge kipya, kwa sababu ulimwita. Ulisema: "Wakristo wenzetu wa Hombo." Akangoja urekebishe. Ukaanzisha wimbo. Pale nje mwanamke mmoja akamwambia, "Umesikia, mama? Hata kule Wakristo njo walitusaidia. Wewe uko unangoja nini hapa?" Kesho yake duka likavunjwa.

Vijana wangemfukuza wenyewe, ningewalaumu wao. Lakini ulimwita wewe. Umenisaliti, na Biblia ukiwa umeifungua mkononi.

Sakina amefika huku na watoto wake. Kwangu hawakuenea, imamu amewapa mkeka wa karibu na mlango. Watoto wanalala. Sakina anakaa tu ukutani, hataki kuulalia, kwa kuwa anajua nani aliulalia kabla yake.

Vita ikiwaleta tena, njooni. Msikiti utawapokea, mkeka mtapewa. Mlangoni kwangu usigonge.

Ramazani