Mlango wa Uani na Ukuta Uliofika Magotini

Bibi Sitara mpendwa, mshauri wetu wa gazetini,

Shikamoo. Naomba msaada wako upesi, kabla fundi Isidori hajarudi kutoka msibani Kisarawe, kwa maana akirudi ukuta utapanda, na ukipanda mke wangu Celina amesema atamchukua mtoto warudi kwao Kibosho, na Celina si mtu wa kutishia bure.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, nina duka la jumla la sukari, chumvi na mafuta ya taa hapa Kariakoo. Mwaka jana nilinunua nyumba karibu na soko, nyumba kama zilivyo nyumba za hapa, baraza mbele, ujia katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani kuna jiko, bafu na choo. Ilikuwa ya udongo na makuti, nami nikataka iwe nyumba ya kisasa, nikaezeka mabati, nikasakifu kwa saruji, nikatia nondo madirishani, na mlango wa mbele nikautia kufuli kubwa kwa sababu bidhaa zangu nyingine naziweka vyumba vya nyuma. Jambo moja tu lilinikera. Uani, kwenye ukuta wa nyuma, kuna mlango mdogo wa mbao unaoingia uani kwa Bi Mwanamize, mama mtu mzima ambaye nyumba yake inatazama mtaa wa pili, na wanawake wanapita humo asubuhi na jioni, na masinia, na makarai ya nguo, na watoto mgongoni, wala hodi yao huisikii. Siku moja nimetoka bafuni na taulo kiunoni nikawakuta wanachambua mchele jikoni kwangu. Wakanigeuzia mgongo kwa adabu, wakaendelea na mazungumzo yao.

Kwetu, Bibi, kila mtu ana kihamba chake, migomba yake na nyumba yake katikati, na kimezungushiwa ua wa mimea ya masale, na hakuna anayekatiza humo kama anakatiza uwanja wa mpira. Nikasema huu mlango ni kasoro ya nyumba, iko siku nitauziba.

Sasa ikaja masika. Celina alikuwa mjamzito, tarehe zake bado, nami nikawa na hakika kwamba nitamwahisha hospitali. Uchungu ukamshika mchana, mvua inamwagika, bonde la Jangwani lote maji. Nikakimbia kutafuta gari, na kwa mazoea yangu nikafunga mlango wa mbele kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Nilihangaika sana, madereva wote wanakataa, nikarudi nimelowa chapachapa, nikafungua kufuli kwa mkono wangu mwenyewe, na Bibi Sitara, nakuapia, nyumba ilikuwa imejaa wanawake! Jikoni moto unawaka, maji yanachemka, mmoja anapasua kanga kuukuu, mwingine anapiga deki ujia. Nilisimama pale nikadhani nimekosea nyumba. Bi Mwanamize akatokeza kichwa chumbani, mikono ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Baba, umepata gari?"

"Sikupata, mama."

"Basi hukukosa kitu. Mtoto huyu wa kiume. Nenda kakae barazani, hapa si mahali pako."

Baadaye Celina aliniambia kwamba aliita mara moja tu akiwa amejishika kwenye nguzo ya jiko, na Bi Mwanamize akaja mbio kutoka kwenye karai la kufulia, hata mikono hakukausha, akamkuta mtoto anatoka na kitovu kimemzonga shingoni, na kwa vidole vile vile akakitoa, akampiga mgongoni mpaka akalia. Tumembatiza Anselmi. Wale wanawake wanamwita Masika, na mtoto anageuka akiitwa hivyo.

Utasema nilishukuru. Nilishukuru, lakini pia niliogopa. Nilikuwa nimefunga, Bibi! Ufunguo ninao mimi! Kama wao waliingia, nani mwingine hawezi kuingia? Nikaagiza matofali. Isidori akaanza kuujenga ukuta pale mlangoni, ukafika magotini, akaitwa msibani. Asubuhi yake Bi Mwanamize akaja na bakuli la uji wa Celina, akakunja kanga, akauvuka ule ukuta kana kwamba ulikuwepo tangu enzi za babu yake, akanipita, akaniambia, "Hujambo, baba Masika," basi. Heri angenitukana.

Halafu juzi bati moja lilikuwa linavuja nikapanda mwenyewe juu kulitazama. Bibi Sitara, sijui nikuelezeje. Nimekaa Kariakoo miaka, najua kila duka na kila mchukuzi, nikadhani naujua mji. Kutoka juu nikaziona nyua zote, moja nyuma ya nyingine, na kila ua una mlango kama ule wangu, na milango yote iko wazi, na wanawake wanapita, huyu na moto kwenye kigae, huyu na mtoto wa mwenzake, huyu anakwenda tu kucheka, mpaka mwisho wa macho yangu, na chini barabarani hakuna mwanamume hata mmoja anayejua. Nilishika bati kwa mikono miwili, nikataka kulia. Nikamwona Badriya, mke wa Sadalla muuza vitambaa, ambaye sijapata kumwona barabarani hata siku moja, tumbo lake kubwa, anatoka ua hadi ua na sinia kichwani. Njia yote ilikuwa wazi kwake mpaka alipofika kwangu. Akasimama. Akautazama ukuta wangu, akajaribu kuinua mguu, hakuweza. Celina akamkimbilia, na wakakaa juu ya matofali yangu, mmoja huku na mmoja kule, wakala maandazi.

Nimeshuka na sijui la kufanya. Nikiuacha mlango, nyumba ni yangu kweli? Nikiuziba, je, nitakuwa nimeziba nini? Niambie niipangeje nyumba yangu.

Ni mimi, Gaudens, Kariakoo.

*

Bwana Gaudens,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikafika pale kwenye kufuli, nikaacha kucheka. Ulimfungia mkeo mwenye uchungu ndani, ukatia ufunguo mfukoni, ukaondoka! Na leo unaniuliza nyumba ni ya nani. Lau Isidori angeimaliza kazi yako kabla ya masika, hao wanawake wangelazimika kuzunguka mtaa mzima kwenye maji, wafike barazani kwako, wakute kufuli. Kaa uifikirie picha hiyo.

Jambo jingine, nani alikufundisha kupanda juu ya bati kimyakimya? Hapa mtu akipanda juu hupaza sauti kwanza, wenye nyua wajistiri. Umewachungulia wanawake wa mtaa mzima. Nakusamehe kwa sababu umeshangaa badala ya kukodoa macho, na kwa sababu hata mimi niliyezaliwa humo, nikifikiri jinsi nyua zile zilivyoshikana, bado nashangaa. Hakuna serikali iliyoamuru, hakuna mzungu aliyechora ramani. Kila aliyejenga alikumbuka kuacha upenyo kwa ajili ya jirani yake, na aliyekuja baada yake akakumbuka vilevile.

Sikulaumu kwa masale yenu. Ni mpaka mzuri kwenye migomba. Hapa mwanamke hana shamba la kupitia wala mama mkwe kilima cha pili. Ana mlango ule.

Sasa fanya hivi. Isidori akirudi, abomoe alichojenga, na matofali yasitupwe. Mengine yajenge ukuta mfupi mbele ya bafu lako, uwe unatoka na taulo lako bila kumtisha mtu. Mengine yajenge kibaraza kando ya jiko, upande wa kivuli, maana hao wanaochambua mchele wamechoka kuchuchumaa. Bidhaa zako zihamishie vyumba vya mbele, na kufuli utie kwenye milango ya vyumba hivyo. Mlango wa uani utie komeo, huku na kule, mfunge usiku kwa kukubaliana na Bi Mwanamize. Kufuli usitie. Na wewe mwenyewe jifunze kukohoa ukiwa ujiani, kabla hujatokea uani. Ni kikohozi tu, hakina gharama.

Halafu vaa kanzu au koti, chochote ulichonacho kizuri, uzunguke kwa miguu mpaka mtaa wa pili, upige hodi mbele kwa Bi Mwanamize, umwamkie, umwambie, "Mama, nilikosea." Usieleze sana, atakukata kauli. Ukitoka hapo mwone Sadalla dukani kwake, umwambie njia ya mkewe itakuwa wazi.

Nimeandika haya upesi kwa sababu moja. Umesema tumbo la Badriya ni kubwa. Siku yake haiko mbali, na safari hii atakayeitwa ni Celina. Siku hiyo usihangaike na gari, wala ufunguo usiuguse. Mpakate Masika, mkae barazani. Celina anaijua njia.

Bibi Sitara