Baba Ni Namba Saba

Machi 3

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tuko salama, Baba tangu astaafu upigapicha wa gazeti ni kupiga soga tu. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Gazeti limenipa kazi ya kuhamishia ghala la picha kwenye toleo jipya la programu. Shida ni muundo. Toleo jipya linataka jina la mpigapicha, na wewe enzi zako uliweka namba. Namba isiyo na jina linaitupa na kuandika "Hajulikani", na tukishahama mashine ya zamani inafutwa. Orodha ya namba na majina uliiweka wapi? Tunahama tarehe 20.

Mdogo wako

Machi 11

Mdogo wangu,

Marahaba. Kikohozi kipo, asante kwa kukikumbuka baada ya miezi minne.

Nasikia mhariri alikutambulisha kikaoni kama fundi mkuu. Hongera. Mimi nilikaa miaka kumi na moja kwenye chumba kile kisicho na dirisha, nikaingiza picha elfu arobaini kwa vidole hivi, na waliniita "yule wa kompyuta". Baba hakupanda ngazi zile hata siku moja kuja kuniona. Wewe nasikia anakuletea chai. Nina wivu, sikufichi.

Orodha sikumbuki nilipoiweka. Fundi mkuu ataijua.

Dada yako

Machi 24

Dada,

Shikamoo, na pole na kikohozi.

Nilijaribu kwanza na nakala ya picha mia. Zote zikatoka "Hajulikani". Nikaomba tusubiri, mhariri akakataa, tukahama. Jana Baba alikuja akatafuta jina lake, hakukuta hata picha moja. Akaniuliza kwa upole kama gazeti lina ugomvi naye.

Mashine ya zamani, yenye namba zako, nimeiombea ibaki hadi tarehe 31. Jioni yake inafutwa. Kama una kinyongo, ni na mimi. Baba hana kosa.

Mdogo wako

Aprili 1

Mdogo wangu,

Hujambo? Baba anaendeleaje?

Orodha nimeiambatanisha. Ilikuwa kwenye daftari langu siku zote. Baba ni namba saba. Barua ya kwanza niliiandika tarehe 28, na kila nikitaka kuituma niliwaona akilini mmekaa wawili mnakunywa chai. Nisamehe. Niambie hawajaifuta.

Dada yako

Aprili 9

Dada,

Shikamoo. Tu wazima.

Waliifuta. Orodha tunayo, namba za kwenye picha ndizo hazipo tena.

Baba anakuja kila asubuhi. Nafungua picha moja moja, anasema hii yangu, hii si yangu, naandika. Mwanzoni alikwenda mbio, siku hizi anasita. Juzi tulifika kwenye ile ya daraja lililovunjika, aliyoipiga kwenye mvua wewe na mimi tukimshikia mwavuli. Aliitazama sana, akasema si yake, tusimpe cha mtu. Nikamwambia ni yako, Baba, tulikuwepo. Akasema nisimfurahishe kwa uongo.

Njoo, dada. Mimi peke yangu haniamini.

Mdogo wako